Kiwango cha Gombani

Siku ya mechi katika Uwanja wa Gombani, Chake Chake, utalisikia jukwaani neno kiwango hadi ulichoke. Winga kapanda kiwango, kipa kashuka. Hakuna anayeuliza maana. Neno hilo hilo likiingia kwenye waraka, "maktaba zizingatie viwango", halipandi tena wala halishuki, limekuwa sharti.

Ndipo mambo yanapokorogeka, maana kipimo na kinachopimwa vimepewa jina moja. Asili yake ni kitenzi cha kale kuwanga, yaani kuhesabu (wale wa kuwanga usiku tuwaache). Labda ndiyo sababu ukiuliza hali ya maktaba unatajiwa idadi: vitabu, viti, kompyuta. Lakini kifungue kitabu, utazame karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ya jalada. Muhuri mmoja, wa miaka mingi nyuma, wino umepauka. Kimehesabiwa kila mwaka na hakuna aliyekiazima.

Waraka wa kimataifa wa kupima maktaba, ISO 11620, uliotoka mara ya kwanza 1998, una dawa ya hilo: mikopo ya mwaka igawanywe kwa idadi ya vitabu. Vitabu 1,000 vikiazimwa mara 3,000, jibu ni 3. Vitabu 10,000 vikiazimwa mara hizo hizo, jibu ni 0.3, hata rafu zikipendeza vipi.

Kipimo cha namna hii ningekiita kigezo. Fundi cherehani anakijua: ndicho anachokilaza juu ya kitambaa kabla ya kushika mkasi. Kiwango kibaki kuwa kile maktaba ilichokifikia, kama wanavyosema washabiki.

Na ithibati, neno jingine la nyaraka hizo? Ni ndugu wa thabiti na thibitisha, na wengi tumeizoea kwa vyuo vikuu. Si usajili. Usajili unasema maktaba ipo. Ithibati inasema mtu wa nje kaja na kigezo, kapima, karidhika. Tena hupewa muda, ukisha wakaguzi wanarudi.

Najua tunayo Taasisi ya Viwango Zanzibar, na jina lake linanipinga. Kwa saruji na maji ya chupa sigombani nalo. Maktaba lakini ni kitu kinachobadilika: mkutubi akihamishwa bila mbadala, skuli za jirani zikabadilishiwa mtaala na vitabu vikabaki vya zamani, kiwango kimeshuka, na hati ya ithibati bado ina miaka miwili ukutani.