Askari wa Keya na Mavazi Yao

Twaanza na kofia, kwa kuwa kwa kofia watu walijua askari huyu ni wa nani. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alipofika Mpwapwa na kujenga boma, wengi wa askari wake walikuwa Wasudani walioandikwa huko Misri, pamoja na watu wa Msumbiji. Mwaka 1891 kikosi hicho kikawa jeshi la serikali ya Wadachi. Askari wake walivaa kaki, na tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, nacho kiliteremka nyuma kukinga shingo na jua. Na mbele palikuwa na alama ya tai wa Kaisari.

Upande wa Waingereza, tarehe 1 Januari 1902, vikosi vya Nyasa, Uganda, Afrika ya Mashariki na Usomali viliunganishwa vikawa jeshi moja, King's African Rifles. Herufi zake tatu, K.A.R., ndizo zilizokuwa "Keya" midomoni mwa watu. Askari wa Keya naye alivaa tarbushi, na kaptula ya kaki, na fulana nzito ya bluu iliyokoza, na vitambaa virefu vilivyozungushwa toka kifundo cha mguu hata chini ya goti. Na chini ya vitambaa hivyo palikuwa na mguu mtupu! Hata vilipokuja vita vikuu vya pili, askari wengi wa Keya walikuwa bado wakitembea bila viatu.

Mtu asidhani ya kuwa mavazi ni jambo dogo kwa askari. Huko Wales, nchi iliyo magharibi ya Uingereza, palikuwa na kikosi kilichoanzishwa mwaka 1689, kiitwacho Royal Welch Fusiliers. Zamani askari walisuka nywele zao mkia nyuma ya kichwa. Mwaka 1808 ilitoka amri mikia ikatwe. Lakini watu wa kikosi hiki walibaki na utepe mweusi nyuma ya ukosi, na mwaka 1834 mfalme akawakubalia. Kikosi kiliunganishwa na kingine mwaka 2006, na utepe ungalipo. Nywele zimekwisha tangu karne mbili, ukumbusho wake haujaisha.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Mwishoni mwa Julai 1916 Dodoma ilitwaliwa na majeshi ya Waingereza yaliyotoka Afrika ya Kusini. Mwaka uliofuata kikosi cha sita cha Keya kilianzishwa upya, na ndani yake waliandikwa askari wa Wadachi waliokuwa wametekwa. Mtu yule yule aliondolewa tai kichwani, akapewa bunduki ya adui wa jana. Wako wanaosema hao hawakuwa na uaminifu. Sisi hatukubali. Walijiandika kwa mshahara, na aliyewalipa alikuwa amekimbia.

Lakini wengi wa watu waliochukuliwa vitani hawakupewa tarbushi ya upande wo wote. Hao ndio wapagazi. Walichukua risasi na unga vichwani, wakafa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara na homa kuliko kwa risasi. Katika Ugogo majeshi yote mawili yalichukua watu, ng'ombe na nafaka; kisha mvua ikakosa. Njaa iliyofuata, toka 1917 hata 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Yakadiriwa kwamba katika watu 150,000 walikufa kama 30,000. Hakuna mmoja wao aliyevaa sare.

Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa Dar es Salaam, mahali ilipokuwa sanamu ya Wissmann. Maandishi yake yawataja wapagazi pia, ila mwenye umbo ni askari peke yake, na bunduki yake mkononi. Nairobi, mwaka 1928, walifanya vema zaidi: sanamu zao ni tatu, na mmoja ni mpagazi.

Keya wa Tanganyika walibadilishwa jina tarehe 9 Desemba 1961, wakawa Tanganyika Rifles; baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi hilo likavunjwa, na Jeshi la Wananchi likaundwa. Kambi ya Colito, iliyoitwa kwa vita vya Uhabeshi vya 1941, ikaitwa Lugalo, mahali Wahehe walipowashinda Wadachi mwaka 1891. Jina la kambi lilipatiwa badala. Wapagazi wa Ugogo wamebaki katika hesabu za ukoo tu, babu fulani aliyekwenda na mzigo, asirudi.