Watu Kwenda, Magogo Kurudi: Meli za Norwei na Safari ya Amerika

Najua kimya kimezidi, lakini ratiba ya muhula huu inamkamua mtu mpaka tone la mwisho. Leo sina umbea wa bwenini wala habari za bumu kuchelewa. Nina historia. Watu wa sayansi msikimbie, nimeiandika kwa lugha ya kawaida kabisa.

Kwenye semina yetu tumepewa mada ya uhamiaji wa Wazungu kwenda Amerika karne ya 19. Karibu kila mtu alikuja na yale tuliyobukua tangu sekondari: kuna mambo yanayomsukuma mtu atoke kwao, na kuna mambo yanayomvuta kule aendako. Njaa inasukuma, ardhi inavuta. Sawa, hakuna kosa hapo. Mimi nikaangukiwa na Norwei, na nilipozama maktaba nikakuta kuna kitu cha tatu ambacho kwenye madesa yetu hakimo kabisa: chombo chenyewe cha usafiri. Meli ilikuwa ya nani, na ilikuwa inafuata nini huko? Ukijibu hilo, hadithi nzima inabadilika sura.

Tuanze na Norwei yenyewe. Ni nchi ya milima na miamba, ardhi inayolimika haifiki hata asilimia 5. Mwaka 1815 ilikuwa na watu karibu laki 9, na kufikia 1865 walikuwa takriban milioni 1.7. Watu wamekaribia kuongezeka maradufu na mlima haujasogea hata hatua moja. Wengi waliishia kuwa wale waliowaita husmann, yaani mtu anayepewa kibanda na kijipande cha ardhi kwenye shamba la mwenzake, halafu analipa kwa kumfanyia kazi. Mtoto wa husmann alijua kabisa kwamba na yeye atakuwa husmann. Hapo ndipo penye msukumo.

Safari ya kwanza ya kundi zima inajulikana vizuri. Tarehe 4 Julai 1825 kijimeli kinaitwa Restauration kiliondoka Stavanger na watu 52, wengi wao wa dhehebu la Quaker au marafiki zao, waliokuwa wanabanwa na kanisa la serikali. Narudia, kijimeli! Urefu wake futi 54 hivi. Kiongozi wao alikuwa Lars Larsen Geilane. Njiani walipitia Madeira, na simulizi linasema waliokota pipa la mvinyo likielea baharini, mabaharia wakalishughulikia ipasavyo, chombo kikaingia bandari ya Funchal bila bendera na nusura wapigwe mizinga. Tarehe 9 Oktoba wakafika New York wakiwa 53, kwa sababu mtoto wa kike alizaliwa baharini.

Walipofika wakakamatwa. Marekani ilikuwa na sheria ya mwaka 1819 iliyoruhusu abiria 2 tu kwa kila tani 5 za meli, na wao walikuwa wamepitiliza mno. Faini dola 3,150, chombo kikashikiliwa. Ikabidi Rais John Quincy Adams mwenyewe awasamehe, Novemba 1825. Baadaye meli ikauzwa kwa hasara. Hilo la hasara lishikeni, maana ndilo lililokuwa tatizo la wenye meli kwa miaka 25 iliyofuata: ukishapeleka watu Amerika, unarudi na nini?

Hapa kila Mtanzania anaelewa bila kufafanuliwa. Lori likipeleka saruji mkoani, dereva hawezi kurudi tupu. Atazunguka sokoni mpaka apate mahindi, mkaa, viazi, chochote, kwa sababu mafuta yanaungua vilevile liwe na mzigo au lisiwe nao. Meli ya matanga haichomi mafuta, lakini mabaharia wanakula na kulipwa, na meli tupu baharini ni hatari, inabidi ijazwe farumi (mawe au mchanga) isije ikapinduka. Farumi hailipi nauli. Bandari ya New York ilikuwa na meli nyingi zinazogombea mizigo, kwa hiyo Mnorwei alijikuta mara nyingi anapiga hesabu zisizofungana.

Sasa njooni Kanada. Wakati wa vita vya Napoleon, Uingereza ilibanwa isipate mbao za Ulaya ya kaskazini, ikageukia misitu ya koloni lake la Kanada. Misonobari mirefu ilikatwa bara, ikachongwa pande nne, ikafungwa kuwa machelezo makubwa, ikaelea na mto Ottawa na St. Lawrence hadi Quebec. Biashara kubwa hiyo. Lakini Mnorwei hakuruhusiwa kuigusa, kwa sababu zile Sheria za Usafiri wa Majini, zilizoanza tangu 1651, ziliwazuia wageni kubeba bidhaa kutoka makoloni ya Mwingereza kwenda kwake.

Mwaka 1849 Bunge la London likazifuta, na kuanzia 1 Januari 1850 mlango ukawa wazi. Tazameni kilichotokea. Mwenye meli wa Bergen au Christiania (Oslo ya leo) akakaa chini na kalamu yake: nikienda Quebec, narudi na shehena ya magogo hadi Liverpool, London au Hull, nalipwa. Sasa kwa nini niende nimebeba mawe? Nibebe watu! Nauli ikashuka, kwa sababu faida kubwa ilikuwa kwenye magogo ya kurudi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1850 hadi mwisho wa enzi za matanga, Wanorwei walio wengi waliingia Amerika kupitia Quebec, wakati hata hawakuwa wanaitaka Kanada. Walikuwa wanakwenda Wisconsin, Iowa na Minnesota. Kanada ilijaribu kuwabakiza, ikawapa eneo la Gaspé mwaka 1860, lakini baridi ya huko iliwashinda na baada ya kama miaka miwili kijiji kikavunjika.

Kwa hiyo mkulima wa bondeni, asiyejua hata neno moja la Kiingereza, alipata tiketi nafuu kwa sababu wabunge wa London walibadilisha sheria ya magogo. Hakuna aliyekuwa anamfikiria yeye. Mimi hilo lilinikalisha kitako.

Na mbao hazikuamua bei peke yake. Ziliamua pia kalenda. Mto St. Lawrence unaganda majira ya baridi, hivyo meli ziliondoka Norwei Aprili au Mei ili ziwahi barafu ikishayeyuka, zipakie, zirudi Ulaya kabla ya dhoruba za mwisho wa mwaka. Matokeo yake abiria walifika Juni au Julai, wakasafiri tena wiki kadhaa kwenda bara, wakakuta msimu wa kupanda umeshapita. Majira ya baridi ya kwanza wengi waliyapita bila mavuno yao wenyewe. Meli ilifuata msimu wa magogo, haikufuata msimu wa mkulima.

Na humo ndani ya meli je? Meli ilijengwa kwa ajili ya mzigo. Abiria walikaa chini ya sitaha, kwenye nafasi ambayo kwenye safari ya kurudi ilikuwa ya magogo. Seremala alipigilia vitanda vya mbao ghafi kila upande, vya ghorofa mbili, kitanda kimoja watu watatu hadi watano. Mwanga uliingia kupitia mlango wa juu, na dhoruba ikija mlango unafungwa. Fikiria watu mia mbili na zaidi, giza, matapishi, watoto wanalia, na juu yako maji yanapiga.

Meli ilitoa maji ya kunywa na kuni. Chakula ni chako mwenyewe. Familia zilioka kwa muda mrefu kabla ya safari ule mkate mkavu mwembamba wanaouita flatbrød, usiooza haraka, zikafungasha nyama kavu, samaki wakavu, jibini na maziwa ya mgando, vya kutosha kama wiki 10. Jikoni ni moja juu ya sitaha, mnapanga foleni (sisi wa bweni tunaijua foleni ya jiko moja, ila letu halipandi na mawimbi!). Safari ya kawaida ilichukua wiki 7 mpaka 10, na upepo ukikataa ni zaidi. Mwenye chakula kilichoisha alitegemea huruma ya jirani.

Halafu magonjwa. Surua, homa ya matumbo, kipindupindu. Waliokufa zaidi walikuwa watoto. Kabla ya kufika Quebec kulikuwa na kisiwa kinaitwa Grosse Île, kituo cha karantini kilichofunguliwa 1832, ambako meli zilikaguliwa na wagonjwa wakashushwa. Mara nyingine baba anashushwa na familia inaendelea. Norwei ilitunga sheria maalumu ya meli za abiria mwaka 1863, yaani miaka 13 baada ya njia ya Quebec kuanza. Hesabuni wenyewe ni majira mangapi ya safari yalipita hapo kati.

Abiria wakishashuka Quebec, vitanda vile vinang'olewa. Meli inasogezwa kwenye ghuba za magogo, na kwa sababu gogo la futi arobaini au hamsini halipiti kwenye mlango wa sitaha, linaingizwa kupitia tundu maalumu lililotobolewa mbele ya meli, kwenye omo. Pale alipolala mama na wanawe, siku chache baadaye pamelala msonobari. Mbao zinaelea, kwa hiyo meli kuukuu inayovuja ilifaa tu kwa kazi hii, maana hata ikijaa maji haizami upesi. Miaka ya baadaye meli za mbao za Norwei zilijulikana kwa kuwa na kinu cha upepo sitahani cha kuendesha pampu mchana na usiku. Meli isiyofaa tena kwa bidhaa za thamani ilifaa kwa magogo. Na kama ilifaa kwa magogo, basi ilipakia na watu.

Na kufika Quebec hakukuwa mwisho wa safari. Mwaka 1852 meli ya Kinorwei Argo ilishusha watu Quebec, wengi wao wa bonde la Valdres. Wakaendelea bara, wakapanda stima inaitwa Atlantic kuvuka ziwa Erie, ikiwa imejaa hadi watu wanalala sitahani. Usiku wa kuamkia 20 Agosti ikagongana na meli nyingine, Ogdensburg, ikazama. Wanorwei zaidi ya 60, kati ya kama 130 waliokuwamo, walizama nayo. Bahari kuu walishaivuka, wakafia ziwani, katikati ya makelele ya lugha wasiyoielewa.

Najua kuna mtu atasema, “Mwalimu, hii si kama meli za watumwa?” Hapana, na hapa tuwe makini. Hawa walichagua wenyewe, walilipa nauli, walibeba masanduku yao yaliyopakwa rangi na kuandikwa majina yao. Wakifika waliandika barua nyumbani, na barua hizo zikawavuta wengine. Aliyefungwa minyororo hakuwa na lolote kati ya hayo. Kufananisha vitu hivyo viwili ni kuwakosea watu wetu. Wote wanaingia kwenye daftari la mwenye meli, lakini kwa mlango tofauti kabisa.

Tena ukifuata hadithi hadi mwisho inakuwa chungu kwa upande mwingine. Mwaka 1862 sheria ya Marekani ilitoa ekari 160 kwa mlowezi atakayeishi na kulima miaka 5. Ardhi hiyo ilikuwa ya nani? Mwaka huohuo huko Minnesota Wadakota, waliobanwa kwenye kipande chembamba na kunyimwa malipo waliyoahidiwa, wakaingia vitani, walowezi wengi wakauawa, Wanorwei wakiwemo. Tarehe 26 Desemba 1862 wanaume 38 wa Dakota wakanyongwa mjini Mankato kwa pamoja. Mtoto wa husmann aliyekosa ardhi kwao alipata ya mtu mwingine.

Enzi hizo ziliisha haraka. Kufikia miaka ya 1870 mhamiaji alipanda stima hadi Hull, treni hadi Liverpool, stima tena, na Atlantiki ikavukwa kwa chini ya wiki mbili. Meli za matanga zikabaki na magogo yao. Kati ya 1825 na miaka ya 1930 Wanorwei zaidi ya laki 8 waliondoka, na kwa uwiano wa idadi ya watu ni Ireland tu iliyowazidi Ulaya. Julai 2025, miaka 200 baada ya Restauration, nakala ya kijimeli kile iling'oa nanga palepale Stavanger.

Ninachotaka kusema kwa walimu wenzangu watarajiwa ni kifupi. Tukienda mazoezi ya kufundisha tusiishie kuandika ubaoni msukumo upande huu, mvuto upande ule. Tuwaulize wanafunzi pia chombo kilirudi na nini. Maana njaa ilikuwepo Norwei kabla ya 1850, na ardhi ilikuwepo Amerika kabla ya 1850. Kilichoongezeka ni gogo la kurudi nalo.

Kwa leo niishie hapa, kesho saa moja asubuhi nina kipindi cha saikolojia ya elimu. Mwenye hoja tofauti aje nayo semina ya Alhamisi, nitakuwepo. Wasalaam!