Panya wa 1972 na Shosho wa 1954

Shosho yangu huamka saa kumi usiku. Hakuna alamu, hakuna jogoo. Anawasha moto, anakaa tu. Ukimuuliza, anasema ni mazoea. Alizaliwa 1954 huku Nyeri, mwaka ambao watu walitolewa mashambani kwa nguvu wakarundikwa vijijini.

Shuleni tulifundishwa Kimathi. Alishikwa Oktoba 1956, akanyongwa Februari 1957, mtihani ukaisha. Vijiji vilipata sentensi moja. Na wasee, kuanzia Juni 1954 mkoloni alihamisha Wakikuyu zaidi ya milioni moja, akawaweka kwenye vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa. Hom gadi langoni, kafyu kila siku. Wababa wengi walikuwa kizuizini. Wamama walitolewa asubuhi kwenda kuchimba ule mtaro mrefu wa kando ya msitu, wa kuwazuia wapiganaji wasipate chakula. Na mtoto mchanga je? Anaachiwa mzee, ama mtoto mwingine. Njaa na magonjwa viliua wadogo wengi.

Sasa twende New York kidogo, nitawarudisha. Homoni ya stresi haikai kiwango kimoja siku nzima. Kwetu binadamu hupanda asubuhi tunapoamka, usiku inashuka. Kwa panya hupanda jioni, maana wao ni timu usiku. Mwaka 1972 Dorothy Krieger, daktari wa homoni pale Mount Sinai, alichapisha utafiti wake: aliwadunga panya wachanga wa siku 2 hadi 4 dawa ya jamii ya hiyo homoni. Mara moja tu. Walipofika siku 30, ile kupanda na kushuka haikuonekana. Waliodungwa wakiwa na siku 12 hadi 14 walikuwa sawa kabisa.

Soma tena hapo. Tofauti ni siku kumi hivi za umri.

Najua mtasema panya si shosho, na sindano si njaa. Ni kweli. Nikiwaambia anaamka saa kumi kwa sababu ya mkoloni nitakuwa nawadanganya, wazee wengi huamka mapema. (Mimi mwenyewe niliacha chuo, msinifanye daktari.) Lakini kuna nyani wa Amboseli, hapa hapa Kenya, wanaofuatiliwa tangu 1971. Watafiti huokota mavi yao kupima homoni, kazi ni kazi. Mwaka 2020 walionyesha kwamba majike walioumia utotoni, kwa kufiwa na mama au kuzaliwa wakati wa ukame, walikuwa na homoni za stresi juu zaidi ukubwani. Hao hakuna aliyewadunga chochote.

Kinachonisumbua ni hesabu yetu. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari. Haki yao, na ilichelewa sana. Lakini ilibidi uwe na kisa cha kusimulia: ulifanyiwa nini, wapi. Mtoto wa miezi mitatu hana kisa. Hata vitabu vyetu vya historia humwandika kama mzigo mgongoni kwa mamake.

Nilimuuliza shosho anakumbuka nini kuhusu kijiji.

"Sikumbuki kitu," akasema. "Nilikuwa mdogo. Mama ndiye alijua."