Barabara ya Amani na msitu wa bonde la Sigi

Barabara kuu ya Tanga haipandi Usambara Mashariki. Hupita chini, Muheza, kwenye machungwa na mkonge, na anayetaka msitu huiacha hapo mjini akashika barabara ya mlimani, kilomita 35 hivi hadi Amani.

Njia hiyo ni zao la utawala wa Kijerumani. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896. Mwaka 1902 ikaanzishwa Amani, mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari, taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo. Mbao nazo zilihitaji njia. Kutoka Tengeni, kwenye reli hiyo ya Tanga, hadi Sigi ilitandikwa reli nyembamba ya kilomita 23 hivi ya kuteremshia magogo ya bondeni. Reli hiyo nyembamba iling'olewa zamani. Nyumba ya mkuu wa stesheni ya Sigi imesalia, na leo hupokea wageni wa hifadhi.

Kabla ya Sigi kuna mitiki ya Longuza, iliyopandwa kwa safu. Kiangazi hupukutisha majani yake mapana na jua likafika chini. Kona chache mbele, kivuli kinafunga: miti mirefu, mawe yenye ukungu wa kijani, na masika matope yanayolaza malori njiani.

Mgeni huuita huu wote msitu wa asili. Sivyo. Taasisi ilikusanya mimea ya mabara mengi, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza maganda ya mikwinini yake yaliwapa askari wa Kijerumani dawa ya malaria. Mmoja wa miti ya kigeni haukukaa bustanini. Ni Maesopsis eminii, wa misitu ya upande wa Ziwa Victoria. Hondohondo hula matunda yake na kuangusha mbegu mbali, na palipokatwa magogo hadi miaka ya 1980 ndio uliowahi kuota.

Kuna pia kilichotoka. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau la milima hii. Mwaka uliofuata wataalamu waliliita Saintpaulia. Ulaya huuzwa kwenye vyungu vya madirishani. Kwao, hung'ang'ania miamba yenye unyevu kandokando ya vijito, majani yake yakiwa na manyoya laini, na mpita njia asiyeinama halioni.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997. Juu yake barabara huendelea hadi mashamba ya chai ya Kwamkoro. Mto Sigi nao hushuka hadi bwawa la Mabayani, yanakotoka maji ya mabomba ya Tanga.