Dawa ya Madoa Iliyozaa Madoa

Sisi watu wa Isongole tumezoea ukungu na baridi, lakini jua la huku milimani likitoka huchoma kuliko mgeni anavyodhani. Katika miaka yangu ya ualimu nimetazama nyuso nyingi za watoto, na nimejifunza kwamba doa la ngozi lina sababu yake. Mapunye huletwa na kuvu. Upele huletwa na kijidudu kinachojichimbia ndani ya ngozi, nacho huenea haraka watoto wanapolala wamebanana. Chunusi hutokea vinyweleo vinapozibwa na mafuta, hasa wakati wa kubalehe. Weusi wa mtu haumo katika sababu hizo, kwani ndio kinga yake dhidi ya jua.

Hata hivyo, weusi huo umetafutiwa dawa. Mwaka 1939 madaktari wa Marekani waliandika habari za wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi za wanyama, ambao mikono yao ilitoka mabaka meupe. Chanzo kilikuwa kemikali iliyokuwamo katika glavu zao za mpira. Ndugu wa kemikali hiyo, haidrokwinoni, baadaye akatiwa katika krimu za kujichubua. Krimu nyingine zilitiwa zebaki.

Hapa kwetu, Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU uliamua kupiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu hizo. Operesheni Vijana ikaanza Januari 1, 1969. Nilikuwa kijana wakati huo. Hoja tuliyoisikia ilikuwa kwamba tusiige wageni, na mabishano mengi yakawa juu ya sketi. Kilichokuwamo ndani ya kopo hatukuelezwa.

Kumbe miaka hiyohiyo madaktari wa Nairobi walikuwa wakiwapokea wagonjwa wa figo waliovimba mwili. Katika taarifa yao ya mwaka 1972, kati ya wagonjwa 60, zaidi ya nusu walikiri kupaka krimu za kujichubua, nazo zilikuwa na zebaki. Mwaka 1975 Findlay na wenzake wa Afrika Kusini wakaeleza madhara ya haidrokwinoni: mashavu ya watumiaji yalikuwa yameota madoa meusi, mazito na yenye vipele vidogo.

Hapo ndipo ulipo mtego. Mwanzoni uso hung'aa, na mwenye uso hufurahi. Baada ya miaka ya kupaka na kupigwa na jua, weusi hurudi kwa sura mbaya zaidi, naye hudhani dawa imepungua, akaongeza. Doa lililoletwa na kopo humrudisha dukani kununua kopo jingine.

Mwaka 2003 tulipata Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi, na tangu 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango. Mkorogo haujaisha. Kwa maoni yangu, marufuku ya 1969 ilimwambia binti kwamba amekosa adabu, wakati alichohitaji ni kuambiwa figo zake ziko hatarini. Binti hutukanwa akanyamaza, kisha akajipaka usiku. Basi, mzazi mwenzangu, mwanao akilalamikia chunusi, usimcheke wala usimkemee. Mweleze zinatoka wapi, kwamba kwa wengi hupungua utu uzima ukifika, na zikizidi umpeleke zahanati kabla hajafika gengeni.