Kihusishi cha Njiapanda

Basi likishapita Kabuku, kondakta huinua sauti: "Segera wapo?" Anayeshuka hujibu "Wapo!" na dereva anajua la kufanya. Natoka Segera, naenda Segera, nashuka Segera, nalala Segera: mara zote nne jina limekaa vilevile, halikutanguliwa na kitu. Hata ile -ni inayotupa nyumbani na shuleni hailigusi. Hakuna asemaye Segerani. Mzigo wote umebebwa na kitenzi.

Siku moja nilikuwa pale njiapanda ya Segera nikingoja gari la Tanga. Kando ya meza ya machungwa ya mama yake, mtoto wa kike ameinamia daftari. Walikuwa wamepewa sentensi za Kiingereza zenye mapengo, wajaze. 'The bus stops', kisha kistari, kisha 'Segera'. Zilizobaki alikuwa amezijaribu. Hiyo ameiacha wazi. Nikamwuliza kwa nini.

"Hapa hapana neno, mjomba. Basi linasimama Segera tu."

Kwa Kiswahili alikuwa sahihi kabisa. Alichokosa ni kihusishi, na istilahi hiyo naipenda. Imetoka kwenye husu, ikapita husisha. Ni ndugu wa hasa na mahususi, wote uzao wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Anayeisikia mara ya kwanza ameshaambiwa kazi yake: kuhusisha hiki na kile. Jina lake la Kiingereza limetoka Kilatini, na maana yake ni kilichowekwa mbele. Linakuonyesha kiti, halikwambii aliyekikalia anafanya nini. Kitenzi nacho ni mtoto wa tenda, kama mlinzi alivyo wa linda na mpenzi wa penda, ilhali jina la Kiingereza la kitenzi asili yake ni 'neno' tu. Na kivumishi! Neno linalomvumisha mwenzake, likampa sifa zikaenea. Sijui lugha nyingine yenye jina zuri hivyo kwa kitu hicho.

Neno istilahi lenyewe lina ukoo na suluhu na maslahi: ni neno ambalo watu wamepatana juu yake. Na kweli watu walikaa wakapatana. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990, na shuleni mtoto anajifunza nomino, kitenzi na kielezi kwenye somo la Kiswahili. Kinachoniuma ni kwamba kengele ya kipindi cha Kiingereza ikilia, katika madarasa mengi niliyoyaona, maneno hayo yanaachwa mlangoni. Mtoto anaanza upya na majina yasiyomwambia lolote, wakati yale yanayosema yamo kichwani mwake.

Na si majina peke yake. Pengo lile lilikuwa na jibu ndani ya Kiswahili, ila halikai pale ambapo Kiingereza kinaliweka. Tunayo ngeli ya mahali, yenye pa, ku na mu. Hapa ni mahali dhahiri, unapoweza kupanyooshea kidole. Huku ni upande, eneo lisilo na mpaka. Humu ni ndani. Mzaramo, Mzigua na Msambaa hawakosei katika hayo, maana lugha zao pia zina mgawanyo wa namna hiyo. Kwa hiyo anayehangaika na 'at' na 'in' tayari anaijua tofauti. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba anaijua. Si kila mara vitalingana, kwani kila lugha ina ukaidi wake, lakini mlango unafunguka.

Nikamwuliza: basi linasimama hapa Segera, au humu Segera?

Akatazama barabara. Basi la Moshi lilikuwa limesimama, wauzaji wameshalizunguka, beseni zimeinuliwa hadi madirishani. "Hapa," akasema. "Pale pale."

Na nyinyi mnaishi wapi?

"Humu humu." Akacheka, akaandika 'at', akashuka mstari mmoja hadi sentensi iliyoanza na 'We live'. Pale alikuwa ameandika 'to'. Akaifuta kwa kidole kilicholoa maji ya chungwa, karatasi ikachubuka kidogo, akaandika 'in' juu ya alama hiyo.

Mama yake akamwita akashike chenji.