Farasi wa Farao wana majina, waliomwingiza mkenge hawana

Ukifika Abu Simbel, kusini kabisa mwa Misri, ndani ya hekalu utakuta ukuta mzima umechongwa vita. Farao Ramses wa Pili yuko juu ya gari lake la kukokotwa na farasi, mkubwa kuliko watu wote, upinde ameuvuta, maadui wanalaliana chini. Hivyo ndivyo vita vya Kadesh, vilivyopiganwa kwenye nchi ambayo leo ni Syria, karibu mwaka 1274 KK. Ukiusikiliza ukuta, jamaa alishinda peke yake.

Sasa twende taratibu.

Ramses alikuwa na mwaka wa 5 tu kwenye kiti. Alitoka kwao na vikosi 4, kila kimoja kina jina la mungu: Amun, Ra, Ptah na Seth. Alikuwa anautaka mji wa Kadesh, uliokuwa mikononi mwa Wahiti, wababe wa nchi ambayo leo ni Uturuki. Njiani wakatokea Mabedui wawili. Wakamwambia kwamba mfalme wa Wahiti anamwogopa, yuko mbali huko Aleppo. Farao akafurahi, akatangulia na kikosi kimoja, akapiga kambi jirani na mji.

Kumbe wale wawili walikuwa wametumwa. Mfalme Muwatalli alikuwa amejificha na jeshi lake nyuma ya Kadesh hiyohiyo!

Wamisri walishtuka baada ya kukamata wapelelezi wawili wa Wahiti na kuwatandika fimbo mpaka wakasema ukweli. Maji yalishafika shingoni. Magari ya Wahiti yalikivamia kikosi cha Ra kikiwa bado njiani, yakakisambaratisha, kisha yakaingia mpaka kambini kwa mkubwa.

Maandishi yanasema Ramses alimlilia mungu Amun, halafu akawavaa maadui mwenyewe. Lakini michoro hiyohiyo inaonyesha kikosi kingine cha Wamisri kikitokea upande wa pili na kuokoa jahazi. Askari wale hawakutajwa hata mmoja kwa jina. Waliotajwa ni farasi wawili wa Farao: mmoja aliitwa Ushindi Katika Thebes, mwenzake Mut Ameridhika. Ramses aliahidi kwamba watalishwa mbele yake kila siku.

Na matokeo? Kadesh haikuchukuliwa. Ramses aligeuza akarudi nyumbani, kisha akaagiza habari ya ushindi wake ichongwe Karnak, Luxor, Abydos na Abu Simbel. Kwa zaidi ya miaka 3,000 aliyekuwa na ukuta ndiye aliyesikika. Halafu mwanzoni mwa karne ya 20 wachimbaji wakaufukua Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, wakakuta vibao vya udongo kwa maelfu. Humo Wahiti nao wanasema walioshinda ni wao, na kweli baada ya vita eneo la Amurru lilirudi chini yao.

Miaka kama 15 baadaye pande zote mbili zilichoka, zikaandikiana mkataba wa amani. Nakala yake leo imetundikwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York.

Turudi kwa wale Mabedui. Farao angeweza kuwafuta kabisa. Tatizo ni kwamba ili aonekane shujaa aliyebaki peke yake, ilibidi aeleze alifikaje kwenye hali ile, na hapo hakuna njia ya kukwepa kusema kwamba alidanganywa. Sifa zake zenyewe ndizo zilizowahifadhi. Hatujui majina yao, sura zao wala walilipwa nini, ila tunajua kwamba watu wawili wa kawaida walimpeleka mtegoni mtawala mkubwa wa zama zake kwa maneno matupu. Na ushahidi kauchonga mwenyewe.